Usiifiche mimba, kondo la nyuma halingoji

Msomaji mpenzi, nilikuwa nimekuandalia mambo mengine juma hili, lakini Jumanne nilipokea barua iliyonifanya niyaweke kando. Iliandikwa kwenye karatasi mbili zilizochanwa kutoka daftari la shule, na aliyeiandika ni mama wa miaka 27 anayeishi na mumewe katika boma la wakwe. Jina lake silitaji wala kijiji chake.

Mwaka juzi alishika mimba yake ya kwanza. Ulipoingia mwezi wa saba, uso na mikono vilianza kumvimba hata pete ya ndoa ikakataa kutoka kidoleni. Wanawake wa boma walimpongeza, wakamwambia kuvimba huko ni ishara ya mtoto wa kiume. Siku ya nne kichwa kilimwuma kwa namna ambayo hakuwahi kuijua, akaona vimulimuli machoni, na baada ya hapo hakumbuki lingine hadi alipozinduka hospitalini siku mbili baadaye. Mtoto alikuwa ameshafariki.

"Mavyaa anasema nilikula chumvi nyingi na nilikuwa nikigombana na mume wangu usiku," ananiandikia. "Wengine wanasema ni kijicho cha watu. Sasa nina mimba nyingine, ya wiki tisa. Nimeambiwa nisimwonyeshe mtu wala nisikanyage kliniki mpaka tumbo lijitokeze lenyewe, ili safari hii wenye macho mabaya wasijue mapema. Mama, nifanye nini?"

Mwanangu, najua hauko peke yako, na ndiyo sababu nakujibu hapa hadharani. Jibu lenyewe kwa ufupi ni hili: nenda kliniki juma hili, wala usingoje Jumapili nyingine ikukute nyumbani. Sasa niruhusu nikueleze, wewe pamoja na wasomaji wengine, kwa nini nina haraka namna hii.

Ugonjwa uliokupata madaktari huuita priklampsia. Wengi wetu tunaujua kwa jina la kifafa cha mimba, ingawa kifafa chenyewe ndiyo hatua ya mwisho, pale mama anapoanguka na kutetemeka mwili mzima. Hauhusiani na kifafa kile cha kawaida, na hauambukizi. Mama ambaye damu yake ilikuwa sawa hupimwa baada ya wiki ya 20 ya mimba akapatikana na shinikizo la 140 kwa 90 au zaidi, na aghalabu mkojo wake huwa na protini. Wakati mwingine mkojo huwa safi, lakini figo, maini au ubongo huonyesha kuwa umeathirika.

Ugonjwa huu huwapata waja wazito wawili hadi wanane katika kila mia ulimwenguni. Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kuwa huwaua akina mama wapatao 46,000 kila mwaka, na kwamba watoto karibu nusu milioni hupotea wakiwa tumboni au punde tu baada ya kuzaliwa. Hapa kwetu Kenya, huo pamoja na kuvuja damu ni miongoni mwa mambo yanayoongoza kwa kuwaua wazazi.

Wala usidhani ni ugonjwa wa wanyonge. Wapenzi wa riadha wanamkumbuka Tori Bowie, Mmarekani aliyeshinda mbio za mita 100 katika mashindano ya dunia jijini London mwaka 2017. Mwaka 2023 alifariki nyumbani kwake akiwa na umri wa miaka 32 na mimba ya karibu miezi minane, na ripoti ya uchunguzi wa maiti ikataja kifafa cha mimba miongoni mwa mambo ambayo huenda yalimwua. Mwenzake Allyson Felix, aliyekimbia naye katika timu ya kupokezana vijiti iliyotwaa dhahabu mjini Rio mwaka 2016, alipatikana na ugonjwa huo huo mwaka 2018. Alikuwa amekwenda kupimwa kama kawaida akiwa na mimba ya wiki 32, akaambiwa hali yake ni mbaya na lazima apasuliwe. Yeye na bintiye wako hai. Kasi ya miguu haikumkinga hata mmoja wao, bali kilichomwokoa Felix ni kwenda kupimwa.

Je, ugonjwa huu huanzia wapi? Madaktari wa zamani waliuita ugonjwa wa nadharia, maana kila mmoja wao alikuwa na yake. Lakini kulikuwa na jambo moja lililowatia wengi katika kufikiri. Kuna mimba iitwayo mimba zabibu. Katika mimba hiyo kondo la nyuma hukua ovyo kama kichala cha zabibu, na mara nyingi ndani hamna mtoto kabisa. Hata hivyo mwanamke mwenye mimba hiyo aweza kushikwa na dalili zote za priklampsia, tena mapema kuliko kawaida. Mtoto hayupo, kondo lipo, na ugonjwa upo. Kwa hiyo macho yakaelekezwa kwenye kondo.

Wewe uliyezaa huenda hukupata nafasi ya kulitazama. Ni nyama ya mviringo kama chapati nene, uzani wake karibu nusu kilo mtoto anapozaliwa, upande mmoja laini unaong'aa ambapo kitovu kimeota, na upande wa pili mwekundu wa vipande vipande, uliokuwa umeshikana na mji wa mimba. Katika jamii zetu nyingi hilo kondo halikutupwa jalalani. Lilizikwa kwa heshima, pengine chini ya mti au karibu na nyumba. Wazee hawakuwa na darubini, lakini walijua ni kitu kikubwa. Ndilo pafu la mtoto kabla hajavuta pumzi, ndilo tumbo lake kabla hajanyonya, na ndilo figo yake pia.

Kazi ya kulijenga huanza mapema mno. Siku tano hivi baada ya mbegu ya baba kukutana na yai la mama, lile fungu dogo la seli huwa limegawanyika mafungu mawili. Seli za ndani zitakuwa mtoto. Seli za nje, ziitwazo trofoblasti, zitakuwa kondo, na hizi ndizo zinazotangulia kazini. Hujichimbia katika ukuta wa mji wa mimba, zikashuka ndani kuitafuta mishipa ya damu ya mama.

Mishipa hiyo, kabla ya mimba, ni myembamba na imejiviringa kama chemchemu ya godoro. Ina misuli inayoweza kuibana. Seli za trofoblasti huingia katika kuta zake, zikaiondoa misuli hiyo na kuupanua mdomo wa kila mshipa mara kadhaa, hata ukawa mpana kama mdomo wa faneli. Mkulima wa mpunga kule Mwea atanielewa. Maji yakitoka kwenye paipu iliyobanwa huruka kwa nguvu, yakachimba udongo na kung'oa miche. Yakipitia mfereji mpana huingia shambani taratibu, yakatulia, na kila mche ukapata wake. Damu ya mama inatakiwa ifike kwa mtoto kama maji ya mfereji mpana. Mimba inapokomaa, zaidi ya nusu lita ya damu hupita katika mji wa mimba kila dakika.

Sasa, msomaji, shika hesabu hii. Kazi hiyo ya kupanua mishipa huanza katika wiki za kwanza kabisa na huwa imekamilika, kwa mama aliye salama, kufikia wiki ya 20 hivi. Yaani wakati ule ambao desturi inakuambia uifiche mimba ndio wakati ambao kondo linajengwa. Tumbo likishatokeza, fundi ameshafunga mkoba wake.

Lakini wakati mwingine seli hizo huwa hazina afya ya kutosha kufanya kazi hiyo, au mwili wa mama hauzikaribishi inavyopasa. Huchimba juu juu tu, zikaiacha mishipa mingi na wembamba wake. Damu hufika kwa kurukaruka, mara nyingi, mara kidogo. Unajua linalofanyika nyumbani umeme unapokatika na kurudi, ukakatika na kurudi tena: haimalizi siku ile friji haijaungua. Seli za kondo nazo zina vinu vidogo sana ndani yake, viitwavyo mitokondria, vinavyotengeneza nguvu kwa kutumia oksijeni. Oksijeni ikija kwa kukatikakatika, vinu hivyo huharibika na kumwaga taka zenye madhara. Seli huzeeka kabla ya siku zake, na vipande vyake humeguka vikaingia katika damu ya mama.

Mwaka 2003 wanasayansi wa mjini Boston, Marekani, wakiongozwa na daktari Ananth Karumanchi, walieleza jambo lililofungua macho ya wengi. Kondo linaloteseka hutoa kwa wingi protini moja ijulikanayo kama sFlt-1. Ili uielewe kazi yake, fahamu kwanza kuwa kuta za ndani za mishipa ya damu hupokea ujumbe kila saa unaoziambia zibaki laini na imara. Protini hiyo ni kama mtu aliyesimama njiani akiwanyang'anya matarishi barua zote. Ujumbe haufiki. Wataalamu hao waliwadunga panya wenye mimba protini hiyo, na shinikizo la damu la panya hao likapanda, mkojo wao ukawa na protini, na figo zao zikaharibika vile vile kama za akina mama wenye ugonjwa huu.

Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini ugonjwa mmoja una dalili nyingi hivyo. Mishipa isiyopata ujumbe wake hubana, na shinikizo hupanda. Huanza pia kuvuja. Maji yakivuja chini ya ngozi, uso na mikono huvimba. Figo zikivuja, protini huingia kwenye mkojo. Maini yakivimba, mama huhisi maumivu chini ya mbavu za kulia, akadhani ni kiungulia. Ubongo ukiathirika, kichwa huuma na macho huona vimulimuli, na mwishowe huja kifafa. Yote hayo asili yake ni nyama ile ya nusu kilo.

Niliwahi kuliona kwa macho yangu. Nilikuwa mkunga kijana, na alfajiri moja waliletewa wodi yetu msichana aliyebebwa kwa mkokoteni, akiwa ameng'ata ulimi. Walikuwa wamepitia kwanza kwa mganga, kwa kuwa walidhani amepandwa na jini. Tulimzalisha. Yeye alipona, mtoto hakupona. Nilipolitazama kondo ndani ya beseni nilikuta ni dogo, na lina mabaka meupe magumu kama makovu, sehemu ambazo zilikufa kwa kukosa damu. Kisha nikaichukua kadi yake ya kliniki. Alikuwa amehudhuria mara tatu, na mara zote tatu nafasi ya shinikizo la damu ilikuwa tupu. Kipimo cha zahanati aliyohudhuria kilikuwa kimeharibika, na hakuna aliyemwambia aende kwingine. Nimekwisha kustaafu, lakini zile nafasi tatu tupu bado naziona. Kwa hiyo ninapokuhimiza uende kliniki sisemi kwamba lawama zote ni za mama anayechelewa. Sisi wa kanzu nyeupe tuna fungu letu.

Na sasa nirudi kwa tuhuma alizobandikwa dada yetu huyu. Chumvi? Imechunguzwa, na kupunguza chumvi wakati wa mimba hakujaonekana kuuzuia ugonjwa huu. Kugombana na mume? Ugomvi haufai nyumbani, lakini haukuziamrisha seli zichimbe juu juu. Kijicho nacho hakina mkono unaofika kwenye mji wa mimba.

Kuna jambo jingine ambalo mabomani halisemwi. Kondo si la mama peke yake. Hutokana na lile yai lililotungishwa, kwa hiyo lina urithi wa baba pamoja na wa mama. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Utah, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa mwanamume ambaye mamake alikuwa na priklampsia wakati wa mimba yake ana uwezekano mkubwa zaidi kuliko wenzake wa kuwa baba wa mimba yenye tatizo hilo. Basi, mama mkwe unayeisoma safu hii, kwa heshima zote, kabla hujamnyooshea kidole mkaza mwanao, jaribu kukumbuka ilivyokuwa ulipombeba mwanao. Ukikumbuka kuwa wewe nawe ulivimba na kuumwa na kichwa, usione haya. Mweleze, aende akamwambie daktari. Habari hiyo yaweza kuokoa mjukuu wako.

Turudi kwenye zile wiki tisa. Mimi huihesabu hiyo kuwa neema. Mwanamke aliyewahi kupata priklampsia yumo katika kundi la walio katika hatari kubwa, pamoja na mwenye shinikizo la damu tangu awali, mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye ugonjwa wa lupasi na mwenye mimba ya pacha. Wengine wanaopaswa kuwa macho ni mwenye mimba ya kwanza, aliyenenepa kupita kiasi, aliyetimiza miaka 40, aliyekaa miaka mingi tangu uzazi wa mwisho, na ambaye mamake au dadake aliwahi kuugua.

Kwa walio katika hatari kubwa kuna dawa ya bei nafuu ambayo kila duka la dawa linayo, nayo ni aspirini katika kipimo kidogo. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliohusisha wanawake zaidi ya 1,600 walio hatarini. Waliopewa aspirini kuanzia wiki ya 11 hadi ya 14 walilinganishwa na waliopewa vidonge bandia. Katika kundi la vidonge bandia, wanawake 35 walipata ugonjwa huo kabla ya wiki ya 37. Katika kundi la aspirini walikuwa 13. Shirika la Afya Ulimwenguni hushauri walio katika hatari kubwa wapewe miligramu 75 kila siku, na waianze kabla ya wiki ya 20. Kuanza baada ya hapo faida yake hupungua, kwa sababu ile niliyokwisha kuitaja: kondo limeshajengwa.

Tafadhali nisikilize vizuri. Sikukuambia ukanunue aspirini leo jioni. Kuna watu ambao haiwafai, kama vile mwenye vidonda vya tumbo, na kipimo cha kutuliza maumivu ya kichwa ni kikubwa mno kwa kazi hii. Nenda kwa daktari au muuguzi, umwambie yaliyokupata mwaka juzi bila kuficha hata neno, nao wakuamulie. Wazee walisema mficha uchi hazai. Hapo walimaanisha mambo kama haya.

La pili ni madini ya kalisi. Pale ambapo chakula cha watu hakina kalisi ya kutosha, akina mama hushauriwa wapewe gramu moja na nusu hadi mbili kwa siku kama vidonge, kwa maana imeonekana kupunguza ugonjwa huu. Uliza kliniki kama wanavyo. Na sufuria yako isilale: uji wa wimbi una kalisi nyingi, na vivyo hivyo omena wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, na mboga za kienyeji kama managu na terere. Yale mawe laini ya sokoni ambayo waja wazito hupenda kuyatafuna hayamo katika orodha yangu.

La tatu ni kupimwa, tena na tena. Ukiwa kwenye kliniki usitosheke na kuambiwa "uko sawa". Uliza, "Damu yangu ni ngapi leo?" na uhakikishe imeandikwa katika kijitabu chako cha mama na mtoto. Uliza pia kama mkojo umepimwa. Kipimo kikiwa kimeharibika, uliza ni wapi kwa karibu kilipo kizima, uende siku iyo hiyo. Mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii walianza kupewa mikoba yenye vifaa, kikiwemo kipimo cha shinikizo la damu. Mjue wa mtaa wako, naye akujue.

Wala usikome kwenda kliniki kwa kuwa miezi ya kwanza ilipita salama. Kuna aina ya ugonjwa huu inayokuja mwishoni. Kondo lilijengwa vyema, lakini baadaye likalemewa, kwa kuwa mimba ni ya pacha, au mama ana kisukari, au seli zake zimezeeka siku za kujifungua zikikaribia na kupita.

Dalili zenyewe zibandike ukutani karibu na meko. Kichwa kinachouma sana na kisichotulia. Macho kuona vimulimuli au ukungu. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia au chini ya kifua. Uso na mikono kuvimba ghafla. Pumzi kuwa fupi. Mtoto kupunguza kucheza. Miguu kuvimba kidogo jioni ni jambo la kawaida kwa waja wazito wengi, lakini uso ukivimba asubuhi usimpongeze mtu kwa mtoto wa kiume. Tafuta gari.

Mama akifika hospitalini, zipo dawa za kushusha shinikizo, na ipo sindano ya magnesiamu salfeti ya kuzuia kifafa. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliowahusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa sindano hiyo hupunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Mimba ikiwa bado changa, mama hudungwa dawa ya kuyakomaza mapafu ya mtoto. Lakini kinachoumaliza ugonjwa ni kumzaa mtoto na kulitoa kondo. Daktari huwa anapima siku kwa siku: akimwacha mtoto ndani, mama yuko hatarini, akimtoa mapema mno, mtoto yuko hatarini. Kadiri mama anavyofika mapema, ndivyo daktari anavyokuwa na siku nyingi za kuchagua.

Hata baada ya kuzaa usilegeze kamba. Kifafa chaweza kuja siku kadhaa baada ya kujifungua, mama akiwa ameshapelekwa nyumbani na wageni wanakunywa chai. Kichwa kikimwuma sana mzazi katika wiki sita za kwanza, arudishwe hospitalini. Na aliyewahi kuugua aendelee kupima damu yake kila mwaka maishani, maana uwezekano wake wa kupata magonjwa ya moyo na kiharusi baadaye ni mkubwa kuliko wa wenzake.

Mwanangu uliyeniandikia, mimba yako ya kwanza hukuiharibu. Wanawake wengi waliopitia uliyoyapitia wamezaa salama mara ya pili, ingawa hatari yako ni kubwa kuliko ya jirani yako na lazima ulindwe zaidi. Kama ni lazima uifiche mimba hii sokoni na kisimani, ifiche. Lakini awepo mtu mmoja mwenye kipimo cha shinikizo mkononi anayejua kuwa ipo. Mwende pamoja na mume wako, kwa kuwa kondo hilo nusu yake ni yake. Na mavyaa akikuuliza mnakwenda wapi asubuhi hiyo, mpe gazeti hili alisome mkiwa njiani.

Ukisha kupimwa, niandikie uniambie damu yako ilikuwa ngapi. Nitakuwa nikiingojea barua hiyo. Kwa wengine wote, hadi Jumapili ijayo, kwaherini.